Apu ya kuprogramu yenye kitufe cha "kwanini"

Nimeitumia hii apu ya kujifunza kuprogramu miezi mitatu sasa na kilichonifanya nibaki ni kitufe kimoja tu, cha "kwanini". Zile nyingine nilizopitia zinakuandikia umeelewa 60% basi, hiyo 60 imetoka wapi hujui. Hii inakupa mlolongo mzima: umeandika funksheni (kipande cha kodi chenye jina, unachokiita kifanye kazi) inayojiita yenyewe na imefanya kazi, anayeweza hivyo anazijua funksheni za kawaida, kwahiyo somo la funksheni tunaliruka. Ukiona hatua moja sio kweli unaifuta, na kila kilichotegemea hatua hiyo kinafutika pia.

Ila nilipoipendea hasa ni inavyotenganisha kilicho kweli na kile ninachoamini mimi. Nilikuwa naamini orodha inaanza kuhesabiwa 1 kumbe lugha ninayojifunza inaanza 0, nikakosea mazoezi manne mfululizo, nikajua hapa narudishwa mwanzo, kumbe ikaniambia makosa yote manne yana chanzo kimoja, ikanisahihisha hicho tu nikaendelea! Wazo lenyewe ni la siku nyingi, BGP-MS, programu ya kutunza kumbukumbu za anachojua mtumiaji, ya Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, ilikuwa hivyo tangu miaka ya 1990, imani za mtumiaji zinakaa sehemu yake na za mfumo sehemu yake, ndio maana zinaweza kupingana bila kuvuruga kitu.

Sasa nije kwenye kilichonikera. Kujisajili nilichagua "anayeanza" ikanipa dhana zote za anayeanza, hapo sawa, hata Grundy, programu ya kupendekeza vitabu ya mtafiti Elaine Rich ya 1979, ilikuwa inakuweka kwanza kwenye kundi alafu inakurekebisha kadiri inavyokujua. Tatizo hii apu, kitu ambacho haijawahi kukuuliza inahesabu hukijui. Jamani, kutoulizwa na kutojua ni vitu viwili tofauti kabisa, nimepitishwa masomo sita ya masharti na vitanzi (kurudiarudia amri) ambavyo navijua vizuri tu. Waweke hali ya tatu, "sina habari", alafu iulize swali moja kabla ya kuamua.

Na kuna siku nilibahatisha jibu nikapatia, ikaamini najua, ikajenga hitimisho tatu juu ya bahati yangu. Kanuni zake ni "ndio" au "hapana", "labda" haipo.

Nyota 4 kati ya 5. Ukiichukua, ingia kwanza kwenye wasifu ufute dhana za anayeanza zisizokuhusu, ndio ufungue somo la kwanza.