Ngomeni kwa jicho la fundi chokaa

Wengi wanaoandika kuhusu Fort Jesus ya Mombasa, ambayo sisi wenyeji tunaiita Ngomeni, husifu mizinga na upepo wa bahari. Mimi ni mwashi wa Mji wa Kale. Riziki yangu ni nyumba za mawe: kutomea kuta (kuziba mianya yake kwa vijiwe na chokaa), kupiga chokaa, kutoa boriti zilizoliwa na mchwa na kutia nyingine. Nikiingia Ngomeni nautazama ukuta kwanza. Majuzi nilimpeleka mpwa wangu anayeishi Nairobi, na haya ni maoni yangu kwa anayejiuliza kama kiingilio kinastahili kulipwa.

Kinastahili. Nyota nne.

Nje ya lango tulimpata kijana wa kututembeza, wa kujitegemea, si mfanyakazi wa makumbusho. Tukapatana bei kabla hajaanza hadithi, nanyi fanyeni vivyo hivyo. Alikuwa mcheshi, na vita alivijua. Alitueleza Wareno walivyoanza kujenga mwaka 1593 kwa ramani ya Mtaliano Giovanni Battista Cairati. Akaja kwa Yusuf bin Hassan, aliyelelewa na Wareno huko Goa, akarudi kutawala Mombasa, kisha mwaka 1631 akawageukia akaiteka ngome. Akamalizia na Waomani walioizingira kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, njaa na maradhi yakawamaliza waliokuwa ndani kuliko risasi. Vizuri. Lakini kila nilipouliza imekuwaje ngome hii bado imesimama, alinirudisha kwenye mizinga. "Mzee wangu, hayo ni ya wahandisi," akaniambia. Haya, acha niyaseme mimi.

Jambo ambalo watalii hulipita mbio ni jela. Waingereza waliigeuza ngome kuwa gereza mwaka 1895, na ikabaki hivyo hadi 1958. Watu wa umri wa baba yangu ukiwatajia Ngomeni hawakuwaza historia hata kidogo, waliwaza pingu. Ni aibu kusema, lakini mimi naamini jela ilisaidia kuihifadhi. Jengo lenye watu lina anayeziba paa likivuja na anayeng'oa mche wa mtini ukichipua ukutani. Jengo tupu pwani hii halimalizi miaka mingi: mvua huingia kwa juu, mizizi hupasua kutoka ubavuni, na majirani huja usiku kuchukua mawe ya kujengea. Nimeona nyumba za ghorofa Mji wa Kale zikiisha hivyo, wenyewe wakiwa bado mahakamani wanagombania mirathi.

Mwaka 1958 wafungwa walipohamishwa, ngome ilitangazwa kuwa mahali pa kuhifadhiwa. Fedha za ukarabati zilitoka wakfu wa Gulbenkian, wenye makao yake Lisbon. Mpwa wangu alicheka sana hapo. "Kwa hiyo mjomba, Wareno walirudi kulipa fundi?" Si hasa. Calouste Gulbenkian alikuwa Mwarmenia aliyetajirika kwa mafuta, akaacha mali yake wakfu huko Ureno. Lakini sikumkataza kucheka. Aliyesimamia kazi ni James Kirkman, mwanaakiolojia aliyekuwa amefukua magofu ya Gede kwa miaka kabla ya hapo. Majengo ya jela yakaondolewa, ya zamani yakachimbuliwa chini yake, na mwaka 1960 makumbusho yakafunguliwa. UNESCO waliiingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2011.

Sasa ukuta. Simama kwenye njia ya kuingilia, pale penye kivuli, uweke kiganja. Ni mawe ya matumbawe, yenye vishimo kama sponji, yaliyoshikamanishwa kwa chokaa. Mawe hayo hunywa maji na kuyatoa. Chokaa nayo hunywa na kutoa, kwa hiyo ukuta mzima unapumua. Ukiupaka saruji umeuziba pumzi. Maji yenye chumvi yanabaki ndani, chumvi inakauka nyuma ya plasta, plasta inabeuka na kuanguka na ngozi ya jiwe pamoja nayo. Mteja anaona plasta imeanguka, anamwita fundi, fundi anapiga saruji nene zaidi. Nimeitwa kwenye nyumba za namna hiyo ambapo jiwe lilikuwa limegeuka mchanga, unalikwangua kwa ukucha. Chokaa ni kazi ya subira, nakubali. Utachoma matumbawe kwenye tanuu, utaimwagia maji, utaiacha iive, na ukishaipiga utaingoja. Wateja wa leo hawangoji.

Kwa hiyo niliupenda sana ukuta wenye michoro. Wanajeshi wa Kireno, nadhani kwa kuchoka kukaa lindoni, walichora kwa makaa na udongo mwekundu juu ya lipu ya chokaa: meli, samaki, watu. Michoro ile ni ya karne ya 17. Mpwa wangu alisema inafanana na ya watoto wa shule, na ni kweli, lakini fikiria lipu iliyobeba makaa muda wote huo katika hewa hii ya chumvi inayokula mpaka vitasa vya milango.

Vitu vya merikebu Santo António de Tanná, iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697 na kufanyiwa kazi na wazamiaji kati ya 1977 na 1980, vinafaa kutazamwa bila haraka. Ukumbi wa Mazrui, ukoo uliowahi kutawala Mombasa, una maandishi ya Qurani yaliyochongwa kwenye mbao. Hapo nilimwambia kijana wetu anyamaze kidogo tusome. Nyumba ya Waomani ina mapambo ya fedha ambayo dada yangu angeyapenda kuliko mimi.

Usikose kushuka njia iliyochongwa ndani ya mwamba kuelekea baharini. Hapo ndipo utajua ngome hii haina msingi wa kuchimbwa kama tunavyochimba sisi. Imekalia mwamba wenyewe. Ndiyo maana mawimbi yalitutia hofu kuliko vita vyote, kwa sababu yalikuwa yanakula chini. Miaka ya karibuni serikali imejenga ukuta wa kuzuia maji upande huo. Wapo wanaosema umeharibu sura ya ngome ukiitazama kutoka baharini. Sibishani nao juu ya sura. Ila lipu ikianguka nitaipiga tena, jiwe likitoka nitalirudisha; mwamba ukikatika, hakuna fundi.

Nyota ya tano naiweka mfukoni. Nitaitoa siku nitakayokuta uwanjani tanuu dogo la chokaa na wazee wawili watatu wakiwaonyesha vijana namna ya kutomea na kupigilia sakafu kwa vipande, yaani vigongo vya kushindilia, na nyimbo zake. Eneo lipo, na wazee wenyewe bado wapo, ingawa si wengi.

Mengine ni ya kawaida. Malipo ni kwa simu, na bei ya mwananchi si bei ya mgeni, kwa hiyo beba kitambulisho. Nenda asubuhi, uwanjani kivuli ni kidogo na kufika saa sita jua linakuwa kali. Vaa viatu visivyoteleza, na mwenye magoti mabovu aziache ngazi za juu. Ukitoka, vuka uingie vichochoro vya Mji wa Kale kwa miguu, kuna kahawa, na nyumba zilizopigwa chokaa na zilizopigwa saruji zimepakana. Baada ya somo hili utazitofautisha mwenyewe bila kuniuliza.