TAHADHARI: Tovuti ya risasi za bei poa msimu wa kulungu, nimepigwa dola 412

Ndugu zangu mnaowinda huku Marekani, Minnesota na Wisconsin, someni hii kabla hamjatuma hela kwa mtu yeyote anayeuza risasi mtandaoni. Nimepigwa dola 412, na aliyenipiga akajaribu kunitisha apate 600 nyingine. Link niliikuta kwenye grupu letu la WhatsApp, ilishafowadiwa mara nyingi, kwa hiyo najua wapo humu walioifungua.

Nianze na bunduki yenyewe, maana tapeli wa namna hii hampati mtu asiye na shida. Shida yangu ilianza siku niliyochagua kaliba, yaani aina na ukubwa wa risasi ambayo bunduki inapiga. Miaka mitatu iliyopita nilinunua bunduki ya 7mm-08 Remington. Ni risasi nzuri, hilo nalisema hadi leo: ni ganda la .308 Winchester lililobanwa shingo likapokea kichwa (ile ncha inayoruka) cha milimita 7, ikaingia sokoni mwaka 1980. Haina teke kali, mke wangu anapiga nayo bila bega kumuuma, na kulungu wa huku, yule wa mkia mweupe, haendi mbali akipatwa vizuri na kichwa cha greni 140 (greni ni kipimo cha uzito wa kichwa). Ila sikujiuliza swali la pili: Oktoba ikifika, nitazipata wapi?

Viwanda havitengenezi kaliba zote kwa kiasi kimoja. .308, .30-06, .270 na siku hizi 6.5 Creedmoor ndizo zinazoliwa sana, kwa hiyo ndizo zinazotoka kwa wingi. Zile zenye wateja wachache hutengenezwa kwa mkupuo, kisha mashine inahamishiwa kazi nyingine, na mkupuo ukiisha madukani unasubiri. Waliokuwa wakiwinda 2020 na 2021 wanakumbuka: korona imeingia, watu wananunua risasi kwa pupa, kiwanda cha bunduki na risasi cha Remington kimefilisika Julai ya 2020, rafu zote nyeupe. Hali ilipotengemaa, .308 ilirudi mapema. Wa 7mm-08 tuliendelea kusubiri.

Basi Oktoba iliyopita niliingia nikiwa na risasi tisa tu, na msimu wa bunduki huku unafunguliwa mwanzoni mwa Novemba. Nilizunguka maduka manne, kuanzia Brooklyn Park hadi St. Cloud. Kote hali ni moja: .308 imejaa, .30-06 imejaa, na pale pa 7mm-08 kipo kibandiko cha bei peke yake.

Usiku ule ule ndipo nikaiona link. Tovuti ni safi, ina nembo na kigari cha kununulia, na kila kaliba adimu "ipo stoo". Boksi la risasi 20 dola 24, wakati madukani, ukilipata, linakaribia 40. Picha ilionyesha mkono wa mtu umeshika boksi la 7mm-08, nyuma yake lundo la maboksi mengine. Nikaagiza sita. Kwenye malipo, sehemu ya kadi ikasema "ina hitilafu kwa muda", tumia Zelle (ile huduma ya kutuma hela moja kwa moja toka benki) upate punguzo la usafiri. Hapo ndipo nilipaswa kufunga simu nikalale. Nikatuma 162.

Kesho yake ikaja barua pepe: mzigo umetoka, hii hapa namba ya kuufuatilia. Siku mbili baadaye ikaja nyingine, eti kampuni ya usafirishaji inataka bima ya mizigo hatari dola 250, zitarudishwa zote mzigo ukifika. Nikatuma. Nataka mwelewe kwa nini nilituma: kwanza, 162 zilishaingia na sikutaka zipotee. Pili, neno "mizigo hatari" lilinipa imani, kwa sababu ni kweli risasi husafirishwa kwa masharti. Hawa watu wanajua kipande kidogo cha ukweli na wanakipanda pale pale panapouma.

Aliyenizindua ni jirani yangu, mzee wa Kizungu aliyenifundisha kuwinda huku. Nilimwonyesha ile namba ya mzigo, tarakimu 22 zinazoanza na 94. Akaitazama mara moja tu. "Hii ni namba ya Posta," akasema. "Posta haibebi risasi." Ndivyo ilivyo ndugu zangu. Posta ya Marekani hairuhusu risasi kabisa, hata boksi moja, hata kwa bima ya namna gani. Risasi halali ya mtandaoni inakuja kwa kampuni binafsi kama UPS au FedEx, kwa njia ya barabara, na boksi huwa na alama ya mraba uliosimamishwa kwa ncha, mweusi juu na chini, mweupe katikati. Muuzaji akikupa namba ya Posta, hana risasi. Ameishaondoka na hela yako.

Nilipowaandikia kudai hela yangu, wakabadilika. Sasa ikawa nimenunua "silaha kinyume cha sheria", mzigo umekamatwa, na nisipolipa dola 600 za kufuta kesi nitaripotiwa polisi na uhamiaji. Waliliona jina langu, wakajua mimi ni mgeni. Sikulala siku mbili, na mke wangu aliogopa hadi akataka tulipe.

Hapa naomba msome taratibu, kwa sababu hofu hii ndiyo mtaji wao. Mwenye green card, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, ambaye hana kizuizi kingine cha kisheria anaruhusiwa kununua risasi za kuwindia. Sheria ya taifa haimlazimishi mtu kuagiza risasi kupitia duka lenye leseni kama inavyokuwa kwa bunduki, ingawa majimbo kama California yana masharti yao. Aliye kwenye viza ya muda, ya masomo au ya kazi, mambo yake ni tofauti: sheria ya taifa inamkataza kumiliki bunduki au hata risasi moja, isipokuwa awe ndani ya vighairi vilivyotajwa, kama vile kuwa na leseni halali ya uwindaji. Kama ni wewe, ongea na mwanasheria kabla hujagusa chochote. Lakini hakuna polisi wala ofisa wa uhamiaji anayefuta kesi kwa Zelle. Hayupo.

Sikulipa zile 600. Nilipiga benki, wakaniambia hela niliyoituma mwenyewe kwa hiari haina namna ya kurudi. Ningelipa kwa kadi ya mkopo ningekuwa na siku 60 tangu taarifa ya malipo itoke kupinga deni kwa maandishi, na sheria ingenilinda. Kwa hiyo tovuti ya risasi isiyopokea kadi, achana nayo, hata picha zake ziwe nzuri kiasi gani. Niliripoti kwenye ReportFraud.ftc.gov, tovuti ya serikali ya kuripoti utapeli, na kwenye IC3, kitengo cha FBI cha malalamiko ya uhalifu wa mtandaoni. Ukipigwa, ripoti hata kama ni dola 50, na hifadhi picha za skrini kabla hawajaifuta tovuti.

Kuna jambo la pili, na hili linaweza kumtoa mtu jicho. Baada ya kupigwa mtandaoni nilikimbilia tangazo la mtu anayeuza mkononi, tukakutana kwenye maegesho ya duka. Boksi la kiwanda, la 7mm-08, dola 35. Nilipofika nyumbani nikazimwaga mezani chini ya taa. Vitako vya maganda vilikuwa na chapa za kampuni tatu tofauti, fataki (vile vidude vya kitakoni vinavyowasha baruti) nyingine za rangi ya fedha, nyingine za shaba, na maganda kadhaa yana mikwaruzo ya kuwahi kutolewa kwenye bunduki. Zilikuwa zimejazwa upya nyumbani, zikatiwa kwenye boksi la kiwanda. Anayejaza risasi zake mwenyewe hana kosa, ni ufundi halali na wapo wanaoufanya kwa uangalifu mkubwa. Kosa ni kumuuzia mwenzio kama mpya, bila yeye kujua ndani kuna baruti gani na kiasi gani. Ikizidi, bunduki inakupasukia usoni. Hizo sikuzipiga hata moja.

Na mkiona risasi za .308 za bei ya chini zimeandikwa "za kulungu", tazameni ncha. Ya kuwindia huonyesha puani madini laini ya risasi, ya kijivu, au ina ncha ya plastiki, au tundu. Ya kijeshi imevishwa shaba hadi mwisho, laini kama kidole. Minnesota inataka kichwa kinachotanuka kwa kulungu. Ukikutwa na ile nyingine msituni, mwenye kosa ni wewe, muuzaji hayupo. Na mnyama hupenyezwa akakimbia na jeraha, akafie mbali usikomwona.

Sasa napanga hivi. Nimenunua bunduki ya pili, ya .308, si kwa sababu inaua zaidi ya 7mm-08, kwa umbali wetu wa yadi mia kulungu hajui tofauti. Nimeichukua kwa sababu hata kiduka cha chambo cha samaki kule kaskazini kinaiuza. Kila Februari au Machi, msimu umekwisha na watu wamesahau, nachukua maboksi manne ya aina moja, uzito mmoja, na namba moja ya toleo iliyopigwa kwenye boksi. Ukibadilisha risasi, hata kutoka greni 150 kwenda 165, shabaha inahama na lazima urekebishe darubini upya. Boksi moja linaishia kwenye kurekebisha darubini, moja mazoezi ya kiangazi, moja la msimu, na moja halifunguliwi, linakaa kabatini pakavu pasipo joto. Kwa kulungu wenyewe sijawahi kutumia zaidi ya risasi tatu kwa mwaka.

Jana usiku nimeifungua ile link tena. Imebadilisha jina na rangi, sasa inauza na .30-30 na .350 Legend. Lakini picha ni ile ile: mkono umeshika boksi la 7mm-08, na kidole gumba kina ukucha uliopasuka katikati. Ukiuona ukucha huo popote, mjulishe admini wa grupu lako aiondoe link.