Viatu vya mtumba vya kupandia mlima, namba 39: ngozi safi, soli bahati nasibu

Viatu hivi nimevivaa wiki tatu, Lushoto na Marangu, juani na kwenye matope, kwa hiyo sisimulii ya kuambiwa. Nina miaka 64. Ualimu nimestaafu, huu ni mwaka wa nne, na kazi yangu siku hizi ni kuwazungukia wenzangu niliosoma nao Chuo cha Ualimu Korogwe, wale waliobaki. Kila ninayemfikia namwambia: chai nitakunywa, ila kesho unitembeze.

Nilivipata kwenye soko moja la mitumba Dar, robota limefunguliwa asubuhi hiyo hiyo. Ngozi ya kahawia, nene, imepanda kupita kifundo cha mguu, na vishikio vya kamba havina hata chembe ya kutu. Muuzaji akaanzia shilingi 65,000. "Mama, hiki hakijakanyaga hata mchanga." Nikakipindua. Meno ya soli yote yapo, kitu ambacho hata kwenye mitumba ya daraja la kwanza hukipati. Tukavutana mpaka 38,000 nikaondoka najiona mjanja. Muuza vitunguu wa jirani akanipimia kwenye mizani yake: kilo moja na nusu, jozi nzima. Ndani ya ulimi kuna jina la mtu limeandikwa kwa wino, na chini yake neno la Kijerumani. Sikulifuta.

Sifa zake ni za kweli na sizifichi. Mimi navaa 38, nikachukua 39 kwa sababu ya soksi nzito, na wewe fanya hivyo hivyo: kwenye mteremko vidole havigongi mbele. Niliposhuka kwenye basi Lushoto mguu uliingia mtaroni ukapinda, na kifundo hakikuniuma, kwa sababu ngozi ilikishika kama bandeji. Tulivuka kijito maji yakafika kwenye kamba, soksi zikabaki kavu. Lengelenge halikunitoka hata moja. Kamba zake tu ni za kipuuzi, za duara, zinafunguka zenyewe kila nusu saa. Nimenunua bapa, shilingi elfu moja, tukamalizana.

Sasa soli.

Siku ya pili mwenyeji wangu alinipeleka Irente kwa miguu, yeye amevaa raba za mjukuu wake. Ukisimama pale ukingoni, Mazinde yote iko chini ya unyayo wako: mashamba ya mkonge yamepangwa mistari, barabara ya Moshi ni uzi, na malori hayasikiki. Tulikaa muda mrefu tukiwataja wenzetu, nani yuko wapi, nani tulimzika. Kwenye kurudi nikaanza kusikia mguu wa kushoto unapiga makofi. Pwa, pwa. Kabla sijainama kutazama, wa kulia nao ukaitikia. Hatua kumi mbele soli ya kushoto ikabaki njiani peke yake, nzima, meno yote yapo, mimi nimeshapita. Mwenzangu alicheka mpaka akakaa chini. Nilifunga kilichobaki kwa vipande vya kanga na kuingia Lushoto mjini hivyo, mwalimu mkuu mstaafu, watoto wakinifuata nyuma.

Fundi viatu karibu na stendi alikichukua, akakibonyeza kwa kidole gumba, na kati ya ngozi na mpira pakadondoka makombo ya manjano, kama ya andazi la juzi.

"Mama, hiki hakikuvaliwa. Hiki kilikaa."

Hapa ndipo niliposoma, na wewe soma kabla hujatoa pesa. Viatu vingi vya aina hii vina tabaka la povu kati ya soli na ngozi, linaitwa poliyurethani. Unyevu wa hewa unalivunja taratibu, mwaka baada ya mwaka, hata kiatu kikiwa kimelala kabatini, na kile kilicholala sana mara nyingi ndicho kinachokuponyoka, kwa sababu, wasemavyo wanaojua, kukivaa mara kwa mara kunasaidia lile povu. Kwa hiyo meno mazima ya soli, yale yaliyonifurahisha sokoni, yalipaswa kunitia wasiwasi. Bonyeza pembeni ya kisigino kwa kucha. Kikunje kwa nguvu. Ukiona nyufa ndogo ndogo, au kucha ikiacha shimo lisilorudi, mrudishie mwenyewe. Gundi haisaidii, kwa sababu kinachoachia si gundi.

Nilipomweleza mwenzangu, akasema, "Ndiyo maana nakwambia, Mwalimu. Hata wewe wakikuweka kabatini utameguka."

Fundi alinipa njia mbili: kutupa, au tairi. Nikasema tairi. Akabandua soli zote mbili na kukwangua povu mpaka likaisha, akajaza nafasi yake kwa sponji ya kandambili iliyokatwa kwa kipimo. Kisha akatoa kipande cha tairi kuukuu. Alichagua lenye nyuzi, akaliweka kando la waya, maana waya zikichomoza zinatoboa mguu. Akapaka uzi wa nailoni nta, akashona kuzunguka kiatu chote, tundu kwa tundu, akiuvuta uzi kwa mikono miwili huku goti limekibana kiatu. Kuanzia saa tano mpaka adhana ya alasiri. Shilingi 12,000.

Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda chake namtazama akichonga tairi, na pua ilijua kabla ya kichwa. Ile harufu ya mpira uliokatwa ni ya mlangoni kwetu Shume. Baba alikuwa bwana miti kule, na maisha yake yote ya kazi sikumwona na kiatu kingine isipokuwa makatambuga. Aliyavua nje, yakiangalia barabarani, ili asubuhi ayaingie bila kugeuka. Mvua ikinyesha tulimtafuta kwa nyayo: unafuata alama za tairi kwenye udongo mwekundu mpaka unamkuta kati ya misonobari, anahesabu. Mama alikuwa akilalamika kwamba mume wake anapita kama lori. Kesho yake nilikwenda Shume, nikakaa makaburini kidogo, nikarudi. Viatu vilikuwa vipya miguuni na vilinibana kwenye kidole kidogo, hilo nalo niliseme: baada ya ukarabati vipe siku mbili vilegee.

Mtihani wenyewe ulikuwa Marangu. Mwenyeji wangu wa huko goti limekataa, akanipikia mtori alfajiri na kunisindikiza mpaka getini tu. Nilikwenda Mandara, kituo cha kwanza cha wanaopanda Kilimanjaro kwa njia hiyo, na kurudi siku hiyo hiyo, kama kilomita nane kwenda, na pale Mandara ni mita 2,720 juu ya usawa wa bahari. Kwenda kulinichukua saa nne na nusu. Vijana walinipita wakisalimia, na mbega walikaa juu ya miti wakinitazama bila haraka.

Tairi kwenye matope linashika kuliko nilivyotegemea. Kwenye jiwe lenye maji au mbao za daraja linateleza, shika ukingo usione haya. Limeongeza uzito, miguu ilinijulisha jioni. Usiku wa kwanza harufu yake inalala na wewe chumbani. Mshono haujaachia popote mpaka leo ninapoandika.

Jumla nimetumia 51,000 pamoja na kamba. Kiatu nakipa tatu kati ya tano, zote tatu ni za ngozi. Fundi nampa tano. Muuzaji simpi kitu, ingawa nadhani naye hakujua.

Kwenye kushuka kutoka Mandara mvua ilikuwa imepita, njia laini. Kijana aliyeniongoza alikuwa nyuma yangu, nikamsikia amesimama. Nilipogeuka alikuwa ameinama anatazama chini.

"Bibi," akasema, "huku magari hayafiki. Hili limepitaje?"