Kukata viraka vya kwilti: rula kwanza, kisu baadaye

Kwilti yangu ya kwanza (kwilti ni blanketi la viraka vya kitambaa vilivyoungwa) ilikuwa na viraka 64, nane kwa nane, na pembe zake hazikukutana. Nililaumu cherehani. Nikabadilisha sindano, nikalegeza uzi, nikafumua na kushona upya. Kumbe kosa lilishatokea mezani, kabla hata sijawasha mashine: viraka vyangu havikulingana. Vingine vilizidi kwa milimita moja na nusu hivi, kiasi ambacho jicho halikishtukii. Lakini ukiunga viraka 8 vilivyozidi hivyo, safu nzima inazidi kwa milimita 12. Haba na haba hujaza kibaba, hata kibaba cha makosa.

Kwa hiyo orodha hii ya vifaa vya kukatia nimeipanga kwa kigezo kimoja tu: ni kifaa kipi kinachomwondolea anayeanza makosa mengi zaidi.

1. Rula nene inayoonyesha kilicho chini yake

Wengi hukimbilia kisu kwanza. Mimi nasema rula. Kisu kinafuata tu pale rula inapokielekeza, na rula ikiteleza, hata wembe mpya utakukatia kombo kwa usafi mkubwa.

Tafuta ya plastiki ngumu, isiyo na rangi, yenye upana wa inchi 6 na urefu wa inchi 24. Urefu huo unatosha kuvuka kitambaa cha kawaida cha pamba, chenye upana wa inchi 44 hivi, kikiwa kimekunjwa katikati. Unene uwe kama milimita 3. Rula nyembamba ya shuleni ni hatari kwa kazi hii, maana wembe huipanda na kuingia kwenye vidole. Ya chuma nayo haikuonyeshi kitambaa kilicho chini yake, tena inaharibu wembe.

Kabla ya kulipa, tazama mistari. Iwe myembamba, iwe na alama za robo inchi (mshono wa kwilti ni robo inchi, utaitafuta kila siku), na iwe na mistari ya pembe za nyuzi 45 na 60. Kisha geuza rula uangalie mgongo wake. Kama hauna chochote cha kuzuia kuteleza, usiiache kwa sababu hiyo. Vipande vidogo vya msasa laini ukivigandisha kwenye pembe vinafanya kazi ileile.

Kuna jambo moja ambalo wauzaji hawalisemi: ukianza kwilti kwa rula moja, imalize kwa rula hiyohiyo. Unene wa mistari hutofautiana kati ya watengenezaji, na tofauti hiyo utaikuta kwenye mishono. Kwa sababu hiyohiyo usichanganye inchi na sentimita katika kazi moja. Robo inchi ni milimita 6.35, si 6.

2. Kisu cha gurudumu, milimita 45

Hiki ni kile kisu chenye wembe wa duara unaozunguka. Kampuni ya Olfa ya Japani ilikitoa mwaka 1979, na tangu hapo washona kwilti wengi wameuachia mkasi kazi chache tu. Faida yake ni kwamba kitambaa hakinyanyuki. Mkasi lazima uinue nguo ili upite. Gurudumu linapita juu yake.

Saizi ziko kadhaa: 18, 28, 45 na 60. Anza na 45. Ile ya 60 inapenya tabaka nyingi, ila ni nzito kwa mkono usiozoea, na zile ndogo ni za mistari iliyopinda sana. Kuhusu mpini, shika kabla ya kuchagua. Hakuna wa kukuchagulia. Ninachosisitiza ni kifuniko cha wembe: kiwe kinafungika kwa kidole kimoja, na ukifunge kila unapokiweka chini, hata kama ni kwa sekunde mbili. Anayetumia mkono wa kushoto aulize kama wembe unahamishika upande wa pili.

Nunua na wembe wa akiba siku hiyohiyo. Ukiona kisu kinaacha nyuzi moja moja bila kukatika, nawe unaanza kukandamiza kwa nguvu, wembe umekwisha. Na ukikandamiza, rula inasogea.

3. Mkeka wa kukatia

Ukinunua kisu, mkeka si hiari: mbao inaushika wembe, na kioo kinaulaza makali. Inchi 18 kwa 24 inatosha kuanzia. Ile inayokunjwa katikati sijaipenda, kwa kuwa wembe huruka penye mkunjo na kuacha uzi. Uhifadhi ukiwa umelala, mbali na jua na pasi. Ukishapinda kwa joto haurudi.

Mistari iliyochapwa juu yake itumie kunyoosha kitambaa tu. Kipimo chukua kwenye rula.

4. Mkasi wa kitambaa

Nimeushusha hadi hapa si kwa dharau. Kwa maua, majani na mistari iliyopinda bado hauna mpinzani. Uwe wa sentimita 20 hivi, mpini umeinama ili ubapa wa chini ulale mezani. Usikate nao karatasi, na wenzako nyumbani wajue hivyo pia.

5. Viraka vilivyokatwa tayari

Miraba ya inchi 5 na vipande vya upana wa inchi 2.5 huuzwa kwa mafungu. Vinaokoa muda, lakini vingi vina kingo za meno, na kipimo huenda kimechukuliwa kwenye ncha ya jino au kwenye bonde lake. Pima kimoja kwa rula yako kabla ya kushona. Na ndiyo, bado unaihitaji rula.

Vya kuacha kwa sasa

Rula za maumbo maalumu, mashine za kukata kwa kukandamiza, na yale masanduku yenye vifaa kumi ambavyo vitatu tu ndivyo utakavyotumia.

Na kama pesa inatosha kitu kimoja tu, nunua ile rula, utumie mkasi ulio nao ikiwa bado una makali. Piga pasi kitambaa kwa kukandamiza bila kukivuta, kata ule ukingo mgumu wa kiwandani uutupe, chora kwa penseli iliyochongwa vizuri, kisha pitisha mkasi upande wa ndani wa mstari. Mstari wenyewe una unene. Ukiubakiza kwenye kiraka, umeshazidisha.