Bajaji yangu ya umeme hapa Kigoma: chombo nakipenda, programu ya betri siiamini

Nianze na sifa, maana zipo. Bajaji hii haina kelele, haina moshi, haidai oili wala plagi, na tangu niinunue sheli napita tu. Kwa sisi wa mwisho wa reli hilo si dogo. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA wakitoa bei kikomo za mafuta, Kigoma huwa tuko upande wa wanaoumia, kwa sababu mafuta yanakata nchi nzima ndipo yatufikie. Betri yangu ya volti 72 ikijaa inabeba uniti 7 na ushei. Kwa LUKU ya shilingi 356 hivi kwa uniti, hata ukihesabu umeme unaopotea kwenye chaja, unaijaza kwa kama shilingi elfu tatu. Alfajiri inanibebea dagaa kutoka Kibirizi, mchana inapiga abiria Mwanga, Gungu na Ujiji, jioni dereva analeta hesabu bila kununa. Kwa hayo ningeipa nyota tano nikaenda kulala.

Nyota mbili nimezinyima kwa sababu ya programu inayosimamia betri, BMS kama mafundi wanavyoiita.

Tulikuwa tumetoka Kibirizi, tumepita stesheni, tunapandisha kwenda Mwanga, mimi nyuma na magunia, kiza bado kimetanda. Kioo kinasoma asilimia 38. Katikati ya mlima chombo kikazima. Hakikupungua nguvu, hakikulia, hakikuonyesha alama yoyote. Mota, taa, honi, mpaka kioo chenyewe, vyote kwa mpigo. Breki ya mguu haitegemei umeme, na hiyo ndiyo iliyotushika tusirudi nyuma. Ila nyuma yetu kulikuwa na lori, na dereva wake asingetuona kama kijana wangu asingewahi kuruka chini na kumulika kwa tochi ya simu. Baadaye akazungusha ufunguo, bajaji ikawaka. Asilimia 38, vilevile, kama hakijatokea kitu.

Ikajirudia. Kila mara ni mlimani, kila mara na mzigo, na kila mara kioo kinadai chaji ipo.

Sababu yenyewe haina uchawi. Betri hii ni ya lithiamu ya aina ya fosfeti ya chuma, seli 24 zimepangwa mfululizo, kila moja volti 3.2 (jumla kama 77, ingawa huitwa tu ya volti 72). Ukipandisha na mzigo mota inavuta umeme mwingi kwa pamoja, na kama kuna seli moja iliyochoka, volti zake ndizo zinazoporomoka kwanza. Ikigusa kiwango cha chini BMS inakata ili seli isiharibike. Na ile asilimia ya kwenye kioo ni makisio. Betri za aina hii volti zake hazisogei sana tangu inapojaa mpaka inapokaribia kuisha, kwa hiyo programu inahesabu tu umeme ulioingia na uliotoka, kisha inakupa jumla. Seli moja mbovu kati ya 24 inajificha humo ndani bila shida.

Sawa, seli imelindwa. Na sisi tuliokuwa juu ya mlima? Magari mengi ya umeme chaji ikielekea mwisho hukupa onyo, kisha hupunguza nguvu taratibu ili upate pa kupaki. Programu ya bajaji yangu haina hatua ya katikati: inakwenda au imekufa. Aliyeiandika alifikiria betri, hakufikiria mama mwenye magunia na lori nyuma yake.

Nikampigia wakala. "Dada, hiyo ni kawaida. Dereva wako anavuta mafuta sana." Mafuta gani tena, kwenye bajaji ya umeme! Nilipong'ang'ana akasema watatutumia programu mpya. Bajaji ina laini yake ya simu ndani, na kweli usiku mmoja ikajiapdeti yenyewe, bila kuuliza mtu. Kuanzia hapo haikuzima tena. Wakala akanipigia, sauti imechangamka, kuuliza kama nimeridhika.

Sasa sehemu ambayo hasa ndiyo iliyonifanya niandike. Mwanzoni programu ya kwenye simu ilikuwa na ukurasa unaoonyesha volti za kila seli, namba 1 hadi 24. Baada ya apdeti ukurasa ule ukatoweka, likabaki neno moja la kijani: Nzuri. Lakini simu ya zamani ya dereva wangu imejaa picha na video za vichekesho, haina nafasi ya kupokea toleo jipya, kwa hiyo ya zamani imo humohumo. Tukaenda nayo kwa fundi mmoja wa sola pale Mwanga. Akasema tupakie mzigo, tupandishe mlima uleule, yeye akae na simu mkononi.

Nilikuwa nachungulia begani kwake. Chombo kilipoanza kuhema, namba zote zikashuka kidogo na kutulia kwenye 3.1. Namba 17 haikutulia. 2.6. 2.4. 2.1. Bajaji ikaendelea kupanda kwa raha zake.

"Mama, hawajatibu kitu," akasema. "Wameshusha tu pale pa kukatia."

Kwa betri za aina hii, chini ya volti 2.5 seli inaanza kuumia. Ikiachwa izidi kushuka mpaka ikakaribia sifuri, shaba iliyo ndani yake inaweza kuanza kuyeyuka, na ukija kuichaji shaba hiyo inaweza kujijenga mahali pasipo pake ikaleta shoti ndani kwa ndani. Kwa maneno mengine, bajaji iliyokuwa inanitisha mlimani alfajiri waliigeuza iwe ya kunitisha usiku kwenye chaji. Jioni ile tulipomaliza kuchaji niliweka kiganja kwenye boksi la betri: pande tatu vuguvugu, kona moja ya moto kiasi cha kuondoa mkono. Programu bado inasema Nzuri. Na banda tulilokuwa tunachajia limepakana ukuta na chumba cha watoto.

Hili wenye magari makubwa wamelipitia kabla yetu. Mwaka 2020 Hyundai waliyaita yarudi gereji magari yao ya umeme ya Kona, kwa sababu ya hatari ya moto, na dawa ya kwanza ikawa kubadilisha programu ya betri. Januari 2021, Kona iliyokwisha kuwekewa programu hiyo ikawaka moto huko Daegu, Korea Kusini. Mwezi uliofuata kampuni ikatangaza kubadilisha betri zenyewe kwa magari kama 82,000 duniani. Tofauti ni kwamba Marekani mwenye gari hupeleka lalamiko NHTSA, idara ya serikali ya usalama wa magari, likahifadhiwa mahali ambapo mnunuzi mwingine wa gari lilelile analisoma. Mimi lalamiko langu liko kwenye WhatsApp ya wakala, na tiki zake mbili za bluu.

Nilirekodi video ya namba 17 ikishuka, nikaituma pamoja na picha ya risiti. Hapo ndipo lugha ilipobadilika. Wakaja na betri nyingine, wakachukua ile, hawakunidai senti. Hiyo nawapa haki yao. Betri mpya ni nzima, seli zinakwenda pamoja, na zile safari za mlimani zimekuwa za kawaida.

Programu ndiyo ileile. Onyo kabla ya kukata halipo, ukurasa wa seli haujarudi, apdeti zinaingia usiku kama mwizi. Fundi ametufungia kibetri kidogo cha pembeni kwa ajili ya taa ya nyuma, ili hata chombo kikizima tuonekane. Chaji tumeihamishia uwanjani, chini ya bati, mbali na ukuta wa watoto, na mara moja kwa wiki tunaiacha ijae hadi 100 ili BMS isawazishe seli na kurekebisha hesabu zake. Ile simu ya zamani nimepiga marufuku kufuta chochote, vichekesho vibaki.

Anayetaka kununua: kwa njia za Ujiji na Gungu mimi nasema nunua, utafurahi. Kama kazi yako ni mzigo wa kupandisha kutoka ziwani, kabla ya kulipa mwambie muuzaji akufungulie ukurasa wa volti za seli mbele yako, na akuonyeshe kwa macho chombo kinafanya nini chaji inapoelekea kwisha. Akianza kukueleza kwa mdomo, shika hela yako.

Nyota tatu. Nimewaandikia barua nikidai ukurasa wa seli urudishwe na apdeti iombe ruhusa kwanza. Wakijibu nitaongeza hapahapa.