The Zombies wanapiga Odessey and Oracle laivu baada ya miaka 40: je, diski hii inafaa kununua?

Habari zenu watazamaji wangu, karibuni tena. Leo nina diski ambayo nimeitazama mara nne ndani ya wiki mbili na bado hamu haijaniisha. Ni shoo ya The Zombies, bendi ya Uingereza, wakipiga albamu yao ya Odessey and Oracle yote, kuanzia wimbo wa kwanza mpaka wa kumi na mbili, katika ukumbi wa Shepherd's Bush Empire, London, Machi 2008. Ipo ya CD na ipo ya DVD. Mimi nitaongelea zaidi DVD, na mtaona sababu.

Sasa, kabla sijagusa wimbo wowote, kuna jambo moja tulielewe pamoja, maana bila hilo diski hii utaiona kama shoo nyingine tu ya wazee wanaokumbushia enzi zao. Bendi nyingi zikirudi jukwaani na albamu ya zamani zinarudia kitu walichokipiga mamia ya mara ujanani. Hawa hawarudii chochote. Albamu hii nzima hawakuwahi kuipiga mbele ya watu. Walimaliza kuirekodi Novemba 1967, Desemba bendi ikavunjika, na santuri ikaingia madukani Aprili 1968 wenyewe wakiwa wameshatawanyika. Kwa hiyo mnachokitazama hapa ni uzinduzi. Uzinduzi uliochelewa miaka 40.

Niwasimulie kidogo, kwa sababu hadithi yenyewe inauma. Hawa ni vijana wa St Albans, mji ulio kaskazini mwa London. Mwaka 1964 walipata umaarufu mkubwa kwa wimbo wa She's Not There, wakavuma Uingereza na Marekani. Kisha wakatoa singo baada ya singo, na hakuna iliyofika pale tena. Mwaka 1967 kampuni ya rekodi ikawapa pauni 1,000 watengeneze albamu wanavyotaka wao, wajitayarishie wenyewe. Juni wakaingia studio za EMI, Abbey Road, wakati The Beatles ndiyo kwanza wametoka kumalizia albamu yao ya Sgt. Pepper humo humo, na mafundi mitambo wakawa wale wale: Geoff Emerick na Peter Vince. Pesa ilikuwa kidogo, basi nyimbo walizifanyia mazoezi mpaka zikaiva kabla ya kuingia studio, ili wasipoteze saa hata moja ya kulipia.

Pesa ikaisha hata hivyo. Kampuni ilipotaka miksi ya stereo, yaani sauti iliyogawanywa kulia na kushoto, Rod Argent, mpiga kinanda, na Chris White, mpiga besi, ambao ndio watunzi, walitoa fedha mfukoni mwao. Hata jalada lina kosa: mchoraji, Terry Quirk, aliandika Odessey badala ya Odyssey, na likapita hivyo hivyo mpaka leo. Albamu ikatoka, Uingereza haikuuza. Colin Blunstone, mwimbaji wao mwenye ile sauti, akaenda kufanya kazi ofisini, kampuni ya bima. Fikiria mtu mwenye koo lile amekaa mezani anajaza mafaili.

Halafu Marekani ikazinduka. Al Kooper, mwanamuziki na mtayarishaji, aliisikia na kuwasukuma mabosi wa Columbia, kampuni ya rekodi ya Marekani, waitoe kule. Mwaka 1969 wimbo wa mwisho kwenye albamu, Time of the Season, ukapanda mpaka namba 3 kwenye chati ya Billboard ya Marekani. Bendi haipo! Wajanja wakaunda The Zombies wa bandia, wakazunguka Marekani wakijiita jina hilo, na kwenye kundi moja walikuwemo Dusty Hill na Frank Beard, ambao baadaye tuliwajua kwenye bendi ya roki ya ZZ Top. Wenye bendi yao hawakurudi. Argent na White walishaanza bendi mpya, na hawakutaka kuiacha.

Basi, tuje kwenye diski.

Nusu ya kwanza ni bendi ya Argent na Blunstone ya miaka ile ya 2000, bendi waliyokuwa wakizunguka nayo, na kuna nyimbo za zamani pamoja na kazi walizofanya kila mmoja kivyake. Ni nzuri, mikono imezoeana, ila nitasema ukweli: mimi sasa naipita. Mara ya kwanza itazame. Mara ya pili utakwenda moja kwa moja kwenye nusu ya pili, kama mimi.

Nusu ya pili wanaongezeka. Chris White anachukua gitaa la besi, Hugh Grundy anakaa kwenye drams. Pamoja na Argent na Blunstone, hao ndio wanne wa asili waliobaki. Wa tano, mpiga gitaa Paul Atkinson, alifariki Aprili 2004. Januari ya mwaka ule ule alikuwa mgonjwa sana, na wote watano walikutana jukwaani Los Angeles kwenye shughuli ya kumuenzi. Miaka minne kabla ya shoo hii. Gitaa lake hapa linapigwa na Keith Airey, naye analipiga kwa heshima, hajionyeshi, hatafuti sifa. Nampongeza kwa hilo.

Wimbo wa kwanza, Care of Cell 44. Ni barua ya mtu anayemsubiri mpenzi wake atoke jela, lakini muziki wake ni wa furaha kama asubuhi ya sikukuu. Kinaanza kinanda peke yake, anaingia Blunstone, besi ya White inaanza kutembea, na kabla hujazoea, vyombo vyote vinakata. Kimya. Zinabaki sauti za watu tu, zinapandiana bila maneno, sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu, kama kwaya. Kwenye santuri nilisikia sehemu ile kwa miaka mingi kama ukuta mmoja wa sauti. Kwenye DVD unaona vinywa. Unaona huyu ndiye anayebeba ile ya juu, kumbe ile ya chini ni ya yule pale. Niliusimamisha, nikaurudisha nyuma, nikausimamisha tena. Hii ndiyo sababu nasema chukueni DVD: inafungua albamu kama fundi anayefungua saa ukaona magurudumu yanavyoshikana.

Na magurudumu ni mengi. Studio walikuwa watano, ila walirekodi bendi kwanza, kisha wakarudi kuongeza sauti na vinanda juu yake. Ukitaka kulipiga hilo laivu kwa ukamilifu, watu watano hawatoshi, na Argent alishikilia kwamba kila noti iliyomo kwenye albamu isikike jukwaani. Ndiyo maana mnaona waimbaji wa ziada, na mnamwona Darian Sahanaja, mpapasa kinanda wa bendi ya Brian Wilson (yule wa The Beach Boys), na kazi kubwa ya Sahanaja hapa ni kubeba sehemu za Mellotron.

Mellotron ni kinanda cha ajabu, niwaeleze. Ndani yake kila kibao kina utepe wake wa sumaku, uliorekodiwa mtu halisi akipiga fidla au filimbi noti hiyo moja. Ukibonyeza, utepe unavutwa kupita kwenye kisomeo. Ukiachia, springi inaurudisha. Utepe wenyewe unadumu kama sekunde 8 hivi, ukishikilia zaidi sauti inakatika. Kwa hiyo zile fidla zenye ukungu kwenye Hung Up on a Dream, zinazosikika kama zinatoka chumba cha pili, ni za mpigaji anayekimbizana na utepe. Jukwaani ukungu ule upo. Nilikuwa na wasiwasi na hilo kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu fidla safi sana zingeuua wimbo.

A Rose for Emily sina mengi ya kusema. Kinanda kimoja, Blunstone, na wenzake wanaitikia. Ni hayo tu. Nimelia, sioni haya.

Tuongee kuhusu sauti ya Blunstone, maana najua ndilo swali lenu. Alirekodi albamu hii akiwa na miaka 22. Hapa ana 62. Ile pumzi inayotangulia neno, kama mtu anayekunong'oneza kabla hajaimba, ipo vile vile. Kilichobadilika ni uzito: zamani ilikuwa sauti ya kijana anayeogopa kuachwa, sasa ni ya mtu aliyewahi kuachwa akapona. Mimi kwenye Beechwood Park, wimbo wa kukumbuka utoto, naipenda zaidi hii ya uzee. Kijana wa miaka 22 anakumbuka nini? Mtu mzima akiimba maneno yale, unamwamini.

Kwenye miitikio ya juu kabisa, umri unasikika. Kuna mahali sauti zinafika kileleni zikiwa zimekaza, na ukisikiliza kwa hedifoni utalijua hilo mara moja. Halikunisumbua, ila mtu anayetafuta ulaini wa studio ajue.

Kasoro yangu kubwa ni nyingine. Uaminifu ule wa noti kwa noti una gharama yake. Friends of Mine, kwa mfano, ulikuwa wimbo wa kuachiwa ukimbie, na hapa unashikwa hatamu. Changes vivyo hivyo. Wanapiga kama watu wanaobeba chungu cha kurithi, hawataki kidondoke. Naielewa hofu hiyo kabisa, kwa bendi iliyosubiri miaka 40, lakini nilitamani waamini kidogo kwamba chungu hakivunjiki.

Butcher's Tale ni habari nyingine. Hadithi ya askari wa Vita Kuu ya Kwanza, mtu aliyekuwa muuza nyama kwao, sasa anatetemeka kwenye mahandaki. Jina la wimbo linasema 1914, ingawa sehemu zinazotajwa ndani ni za mapigano ya 1916. White aliutunga, na ndiye aliyeuimba kwenye albamu, akiwa na kinanda cha upepo kinachokoroma nyuma yake. Sauti yake si nzuri kama ya Blunstone, ni nyembamba na inayumba, na ndivyo inavyotakiwa, maana askari huyo haimbi, anasihi. Ukumbi mzima wa watu wapatao 2,000, na wimbo unasimama kwenye uzi mwembamba kiasi hicho.

Kisha Time of the Season. Besi, kofi, pumzi. Mnaijua. Blunstone amesimulia mara nyingi kwamba siku ya kuurekodi yeye na Argent waligombana studio, kwa sababu Argent aliutunga muda mfupi tu kabla na alikuwa akimkatiza kila mara kumwelekeza namna ya kuuimba. Sasa wako pale, nywele za ujana zimekwenda, na wimbo ule ule uliowagombanisha unawainua watu. Argent anapofika kwenye solo ya ogani, hapo ndipo hatamu zinaachiwa. Hapo anacheza. Nilikuwa nasubiri hilo tangu mwanzo wa shoo.

Picha ni ya DVD ya 2008, kwa hiyo kwenye runinga kubwa ya leo msitegemee ukali wa kisasa. Sauti imerekodiwa vizuri, miitikio inasikika ikiwa imetengana, na hilo ndilo muhimu.

Nani anunue? Kama hujawahi kuisikia Odessey and Oracle, usianze hapa. Anza na ya studio, na ukipata ya mono, yaani sauti isiyogawanywa kulia na kushoto, chukua hiyo, kwa sababu This Will Be Our Year ina matarumbeta yaliyoongezwa moja kwa moja kwenye miksi ya mono. Isikilize wiki nzima mpaka miitikio ikukae kichwani. Kisha weka DVD, kaa karibu, ruka mpaka nusu ya pili, na pale vyombo vitakapokata kwenye wimbo wa kwanza, angalia vinywa.