TAHADHARI Lubumbashi: swichi za Cisco "mpya" zinazokufa siku ukizisasisha

Wandugu mafundi wa mtandao, na ninyi mnaonunulia ofisi vifaa hapa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi: muuzaji wa swichi (kile kifaa kinachounganisha kompyuta za ofisi kwenye mtandao) akikuambia "usiisasishe, iache itembee vile ilivyo", rudisha makuta mfukoni. Anajua anachouza.

Bidhaa inayozunguka zaidi ni Catalyst 2960-X ya poti 24 au 48. Katoni imefungwa vizuri, stika zote zipo, bei ni nusu ya ile iliyokuwa ya muuzaji aliyeidhinishwa, wakati mwingine chini ya hapo. Picha zinatumwa kwa WhatsApp na maelezo ni yale yale: mzigo wa Dubai, umepita mpaka wa Kasumbalesa, zimebaki chache, kuna mgodi unazitaka zote, tuma avansi kwa simu leo. Jina na namba ya simu vinabadilika kila mara, ndiyo maana hapa tunaeleza mtindo na dalili za kifaa chenyewe.

Swichi ya bongo, yaani ya uongo, si sanduku tupu. Inawaka, inapitisha data, inakubali VLAN (kugawa mtandao mmoja vipande), na ukiandika `show version` inajibu kama ya kweli, kwa sababu programu iliyomo ni IOS, programu endeshi ya Cisco, iliyonakiliwa. Uongo uko kwenye ubao. Swichi halali inapowaka, kila hatua inahakiki saini ya programu inayofuata kabla ya kuiruhusu iendelee. Aliyetengeneza nakala amechomelea kipande kidogo cha mzunguko ili kuukwepa ukaguzi huo, na ujanja wake unafanya kazi na toleo la programu alilolipangia. Ukileta toleo jipya, unaweza kugoma. Nakala mbili za WS-C2960X-48TS-L ziligunduliwa hivyo hivyo mwaka 2019: kampuni iliyokuwa ikizitumia ilisasisha programu, nazo zikaacha kazi ya swichi. F-Secure, kampuni ya usalama wa kompyuta ya Finland, ilizifungua ikazichambua, na ripoti yake ilitoka Julai 2020. Haikukuta mlango wa siri wa kupelelezea watu. Hasara ni ile ya kawaida tu: umelipa, na siku moja ghorofa nzima haina mtandao.

Wala usitulizwe na "hii nimeitoa Amazon". Mei 2024 mahakama ya Marekani ilimhukumu kifungo cha miezi 78 mfanyabiashara wa Florida aliyeingiza vifaa bandia vya Cisco kutoka China na Hong Kong na kuviuza humo humo Amazon na eBay. Vilifika hospitalini, shuleni, hadi kwenye jeshi lao.

Kabla ya kulipa

Katoni na stika havithibitishi kitu; mashine ya kuchapa stika si ghali. Kubalianeni kwamba swichi itawashwa mbele yako, na utaisasisha mbele yake. Muuzaji mkweli hana cha kuogopa, ila akubali kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu, msije mkagombana baadaye nani kaiharibu. Tenga saa moja. Beba kompyuta, kebo ya konsoli (ya kuipa swichi amri moja kwa moja), adapta ya USB ya kebo hiyo, USB flashi yenye programu uliyoipakua mwenyewe kwenye tovuti ya Cisco, kebo mbili fupi za mtandao na UPS. UPS si mapambo: umeme ukikatika swichi ikiwa katikati ya kujiandika, hata ya kweli inaweza kugoma, na hapo hamtajua kosa ni la nani. Adapta nayo ijaribiwe nyumbani. Zile za bei ya chini zenye chipu ya PL2303 ya kuigiza hukataliwa na Windows kwa kosa la Code 10, na utabaki unahangaika na adapta huku muuzaji akikuambia swichi ni nzima.

Konsoli ni 9600, biti 8, bila pariti, stop 1. Fungua PuTTY (programu ya kusoma konsoli kwenye kompyuta) kabla ya kuwasha swichi, maana maneno ya mwanzo ndiyo unayoyataka. Ukiona mstari unaoanza na `%ILET-1-AUTHENTICATION_FAIL`, soma mara moja tu, chomoa, nenda zako. Hiyo ni swichi yenyewe inasema huenda haikutengenezwa na Cisco wala kwa idhini yake. Ukimya pia si cheti. Nakala nzuri hunyamaza mpaka siku ya kusasishwa.

Ikishawaka, andika `show version` kisha `show inventory`. Kwa 2960-X ya LAN Base (jina la leseni yake) utakuta prosesa APM86XXX na kumbukumbu ya 524288K. Tafuta "System serial number" ulinganishe na stika ya nyuma ya swichi na ile ya katoni, herufi kwa herufi. Zote tatu ziwe moja. Hapo ndipo wengi wanapokamatika, kwa sababu anayechapa stika mara nyingi siye aliyeandika chipu.

Namba hiyo ya seri inasomeka. Herufi tatu za mwanzo ni kiwanda, tarakimu mbili zinazofuata ni mwaka, mbili nyingine ni wiki. Mwaka unaupata kwa kujumlisha na 1996. Kwa hiyo FOC1931 ikifuatwa na herufi nne za mwisho ni swichi ya wiki ya 31 ya mwaka 2015, hata kama plastiki yake bado inanukia duka. Model ya 2960-X ilitoka 2013. Ukikuta tarakimu za mwaka ni 12 au 14, namba imebuniwa au imeibwa kwa kifaa kingine. Na namba inayokubalika kwenye tovuti ya Cisco bado haikuhakikishii, kwa kuwa namba moja halali hubandikwa kwenye nakala nyingi. Ukinunua nne kwa pamoja, ziwashe zote nne uandike namba ya seri na "Base ethernet MAC Address" (namba ya kipekee ya kifaa kwenye mtandao) ya kila moja. Mbili zikifanana, huhitaji kipimo kingine. Mkizifunga hivyo hivyo, mtaona `%SW_MATM-4-MACFLAP_NOTIF` inajaa kwenye logi na mtandao unakatika na kurudi, na fundi atamaliza wiki akitafuta mzunguko wa kebo ambao haupo.

Sasa sasisha. Chomeka USB, andika `dir flash:` uone kama nafasi inatosha, nakili faili kwa `copy usbflash0:` kwenda `flash:`, na usiifute ya zamani. Kisha `verify /md5 flash:` ukifuatisha jina la faili, ulinganishe matokeo na MD5 (alama ya kuhakiki kwamba faili ni kamili) iliyoandikwa kwenye ukurasa ulikoipakua. Usiruke hatua hii: faili iliyokatika njiani inaangusha hata swichi ya kweli, na utamsingizia mtu. MD5 zikilingana, `boot system flash:/` na jina jipya, `show boot` kuhakiki, `write memory`, `reload`.

Ya kweli itarudi baada ya dakika kadhaa na toleo jipya. Andika `show post`, mistari yote iwe Passed, halafu pitisha kebo kwenye poti zote moja moja. Ya bongo itakwama kwenye POST (ukaguzi wake wa kuwaka), au itawaka poti zikiwa hazipitishi kitu. Ikisimama kwenye `switch:`, andika `flash_init`, `dir flash:`, halafu `boot flash:` na jina la faili la zamani. Ya kweli huinuka tena, ndiyo maana hatukufuta ile ya kwanza.

Kama ni ya PoE, yaani inayopeleka umeme kwa kebo ya mtandao, pima mzigo. WS-C2960X-24PS-L inatoa wati 370, yaani poti 24 kila moja 15.4. `show power inline` itakuonyesha 370.0 bila aibu, lakini hiyo ni programu inasema. Chomeka kamera au simu za mezani nyingi unavyoweza, uache nusu saa, usikie feni na uguse ubavu.

SFP

SFP ni kile kipande kidogo kinachochomekwa kwenye swichi ili ipokee faiba. Hapa udanganyifu ni rahisi kuliko kote, maana jina la Cisco linaandikwa tu kwenye kumbukumbu ndogo ya ndani. SFP ya kampuni nyingine ikiuzwa kwa jina lake na bei yake haina ubaya; wengi tunazitumia. Ubaya ni kulipishwa bei ya GLC-LH-SMD, SFP ya Cisco yenyewe. Kwanza `show run | include unsupported`. Ukikuta `service unsupported-transceiver`, muuzaji ameshaizima kengele kabla hujafika. Itoe amri hiyo, chomoa SFP, irudishe, uone kama poti inaingia err-disabled (swichi imeizima yenyewe) kwa `gbic-invalid`. Halafu `show interfaces transceiver detail`: GLC-LH-SMD halisi inapima mwanga wake, na nguvu ya kutuma inatakiwa iwe kati ya −9.5 na −3 dBm. Chomoa faiba ukiangalia nguvu ya kupokea. Isiposhuka, namba hizo zimechorwa.

Ruta za okazyo (zilizokwisha tumika) na "fundi" wa kila kukatika kwa umeme

Cisco 2911 nyingi zinazouzwa mjini ni za kweli, zimetolewa kwenye ofisi zilizohamia vifaa vipya. Msaada wa Cisco kwake uliisha 31 Desemba 2022, kwa hiyo haitapata tena marekebisho ya usalama. Anayekuuzia kama mpya anakudanganya hata kama imefutwa vumbi. Lakini kuna mchezo mwingine mbaya zaidi.

Andika `show version` usome mstari wa mwisho kabisa. Unatakiwa useme `Configuration register is 0x2102`. Ukisema 0x2142, ruta imeambiwa isisome mipangilio yake inapowaka. Ndiyo namba inayotumika kufungua ruta iliyosahauliwa neno la siri, na fundi mwaminifu anairudisha akimaliza. Asiporudisha, kila umeme unapokatika ruta inaamka tupu, ofisi inampigia, anakuja, anaandika maneno machache, analipwa. Umeme wetu mnaujua. Wengine wameshaambiwa "kadi imechoka" na kuuziwa kadi.

Mipangilio haijafutika, bado imo ndani. Ruta ikiamka tupu na kuuliza kama unataka kuanza mipangilio, jibu `no`. Usiandike `write memory` wakati huo, utaifuta kweli. Andika `enable`, `copy startup-config running-config`, ingia kila poti unayoitumia uandike `no shutdown` kwa sababu poti zitabaki zimezimwa, halafu `config-register 0x2102`, toka, sasa `write memory`. Zima, washa, angalia mstari ule ule. Kazi ya dakika kumi.

Na ukipeleka kifaa kwa matengenezo, acha nakala ya `show inventory` kwako na kwake, na saini yake chini. Kadi, pawa saplai na SFP zina namba zake, ni rahisi kubadilishana na za hovyo wakati chombo kimelala kwake. Poti yenye taa ya chungwa usikubali kuambiwa imeungua kabla ya `show interfaces status err-disabled`. Ikiandika bpduguard, psecure-violation au link-flap, ondoa kisababishi, `shutdown`, `no shutdown`, basi.

Kebo, kwa haraka

Boksi za mita 305 zilizoandikwa Cat6 na ndani ni alumini iliyopakwa shaba bado zinauzwa. Kwa kisu utaona weupe ukikwangua waya. Bila kukwangua: upande mmoja wa boksi unganisha nyaya mbili za jozi moja, upande wa pili weka multimita. Mita 305 za shaba hazitakiwi kuzidi omu 57 kwenda na kurudi. Ukisoma 80, kamera zako za PoE za mwisho wa ukumbi zitakuwa zinajizima usiku taa zake za infraredi zikiwaka, na lawama itaenda kwa swichi.

Kama umeshanunua

Hifadhi katoni, piga picha stika zote, toa `show tech-support` uiweke kwenye faili, tunza fakitire na ujumbe wa malipo, kisha peleka malalamiko kwa Cisco kitengo cha kulinda chapa. Usimuuzie mwingine. Iliyoko kazini na ina dalili hizi usiisasishe kutoka mbali, hasa kama iko Kolwezi na wewe uko hapa, kilomita kama 300. Ikigoma hakuna wa kuiinua. Nakili mipangilio yake, weka swichi ya akiba pembeni yake ikiwa tayari imepangwa, ndipo uiguse.